Nusu Kipara kwa Bei ya Nywele Kamili

Kwetu Unguja, ukikamatwa barabarani na matairi yaliyokwisha, askari wa trafiki hakuachii kirahisi. Atainama, atapitisha kidole pale palipokuwa na mifereji, atatikisa kichwa, kisha atainuka na kukuuliza una watoto wangapi. Mimi ninaishi Abu Dhabi, na huku nimeingia dukani kwa miguu yangu, nikatoa fedha ya halali, nikanunua matairi manne ambayo yametoka kiwandani tayari yana upara. Muuzaji akanipa mkono wa pongezi.

Haya ndiyo yanayoitwa semi-sliki. Ni matairi nusu kipara: mpira wake laini, bega lake la nje karibu tupu, na katikati kumechorwa vijifereji vya kuiridhisha sheria. Yanaruhusiwa barabarani, lakini kazi yake hasa ni uwanjani, zile siku ambazo raia wa kawaida analipa kiingilio ili aliendeshe gari lake mwenyewe kwenye uwanja wa mashindano bila kushindana na mtu. Hakuna kombe, hakuna mshindi, hakuna picha gazetini. Unalipa, unazunguka, unachakaza, unarudi nyumbani.

Uwanja wenyewe ni Yas Marina, palepale ambapo Formula 1 inakimbizwa tangu 2009. Mzunguko mmoja ni kilomita 5.281. Mke wangu anaujua uwanja huo kuliko mimi, kwa sababu kuna jioni ambazo milango hufunguliwa na watu wakaingia kutembea, kukimbia na kuendesha baiskeli bila kulipa hata senti. "Baba Watoto," huniambia, "njia ni ileile na kona ni zilezile. Mimi naingia bure na raba zangu hazichakai. Wewe unalipa, na raba zako zinakwisha." Nimelitafuta jibu la maneno hayo na bado sijalipata.

Sasa nikueleze gari. Ni Dodge Challenger Hellcat, gari la Kimarekani lililounganishwa Brampton, Kanada, na waliolibuni walifikiria barabara iliyonyooka tu. Injini yake ni ya lita 6.2 yenye supachaja, nguvu za farasi 707, na uzito wake unapita kilo 2,000 kabla sijaingia mimi, ambaye wangu sitautaja. Sehemu kubwa ya uzito huo imekaa mbele, juu ya matairi mawili yanayotakiwa pia kukata kona. Ukikanyaga mafuta, linaruka. Ukikanyaga breki, linafikiria kwanza.

Wala msinicheke peke yangu. BMW M5 ya kwanza, ile ya miaka ya 1980, ilikuwa na kilo 1,430 hivi. M5 iliyotoka 2024 ina kilo 2,435. Tani nzima imeongezeka na hakuna aliyeiomba. Magari ya kasi ya siku hizi yote yamenenepa: yana viti vya kukanda mgongo, spika kila mlango, betri ya kusaidia injini, halafu yanauzwa na picha ya uwanja wa mashindano kwenye tangazo. Tangazo halisemi matairi ya picha ile yalibadilishwa mara ngapi kabla jua halijatua.

Basi ukiwa na gari la namna hii, na ukatamka mbele za watu kwamba unatafuta semi-sliki, washauri wanaota kila upande. Mkuu wao kwangu, kwa kujiteua, ni kijana mmoja wa Mombasa mwenye Mazda MX-5. Gari lile lina zaidi ya kilo 1,000 kidogo. Ukiliegesha karibu na langu utadhani la kwangu limelizaa. "Mzee wangu," ananiambia, "nunua lile laini kabisa. Mimi seti yangu inakaa msimu mzima. Utanishukuru."

Wahenga walishamjibu: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Huyu kijana hajui anachokisema, na hawezi kujua, kwa sababu maisha yake yote uwanjani amebebwa na gari lisilo na mzigo. Hesabu nilimpigia mwenyewe. Yas Marina kuna njia iliyonyooka ya zaidi ya kilomita moja, na mwisho wake kuna kona. Tuseme nafika na kilomita 200 kwa saa na natakiwa nibaki na 80. Nishati ambayo gari langu linapaswa kuitema hapo, pamoja na mimi ndani yake, inatosha kuchemsha lita 8 za maji ya chai. Hiyo ni chai ya hitma, na ni kona moja tu. Mzunguko ukiisha unaanza upya. MX-5 ikifika kona hiyohiyo kwa mwendo huohuo inachemsha nusu ya maji hayo, tena upepo unaipoza haraka. Halafu mwenyewe anakuja kunifundisha habari za joto!

Na si joto peke yake. Tairi lina dhuluma yake ya asili: ukiliongezea mzigo maradufu, mshiko wake hauongezeki maradufu. Unaongezeka, lakini kwa pungufu, na pungufu hilo linazidi kadiri mzigo unavyozidi. Mwenye gari jepesi anapata mshiko mwingi kwa kila kilo. Mwenye gari zito anapata mchache, na bei ya tairi lake ni kubwa zaidi. Ukifunga breki huku unaanza kukata kona, tairi moja la mbele, lile la upande wa nje, linaweza kubebeshwa mzigo unaokaribia nusu ya gari zima. Matatu yaliyobaki yanashuhudia.

Ndiyo maana mimi nikiingia dukani siulizi kwanza jina la kampuni. Nachuchumaa nisome namba ubavuni. Matairi yangu ya asili yameandikwa 275/40 ZR20, kisha 106Y. Ile Y ni ya mwendo, inaruhusu mpaka kilomita 300 kwa saa, na watu wote huishangilia hiyo. Namba yenye maana ni 106: inamaanisha kila tairi linaruhusiwa kubeba kilo 950. Ukikuta tairi limeandikwa 97, linaruhusiwa kilo 730. Hilo lirudishe rafuni hata kama linauzwa kwa bei ya maandazi. Muuzaji wangu alishangaa kuniona nimepiga magoti sakafuni. Alikuwa amejiandaa kuniambia rangi gani ya rimu inapendeza.

Namba nyingine ni ile ya kuchakaa. Wamarekani wana mfumo wao ambao tairi la kulinganishia limepewa 100, na kila kampuni inajaribu tairi lake na kuandika namba: kubwa maana yake linadumu, ndogo maana yake linakwisha. Jambo zuri, mpaka utakapotambua kwamba kampuni inajisahihishia mtihani wake yenyewe. Pirelli P Zero Trofeo R imejipa 60, na hapo nawapongeza kwa ukweli. Nankang AR-1 ipo kwenye 80, Toyo Proxes R888R kwenye 100. Michelin Pilot Sport Cup 2 ina 180. Nduguye mkali zaidi, Cup 2 R, anayeshika zaidi na kwisha mapema zaidi, eti ana 240! Mwembamba kuliko wote kapewa cheti cha unene.

Halafu kuna kundi la 200. Huko Marekani madaraja mengi ya mashindano ya wapenzi wa magari yaliweka sharti kwamba tairi lisiwe chini ya 200. Ajabu ya Mungu, kampuni zikaanza kutoa matairi makali kabisa, na kila moja likapata 200 kamili, wala si 199 wala 201. Yokohama Advan A052 ina 200. Bridgestone Potenza RE-71RS ina 200. Hankook Ventus RS4 nayo ina 200. Lakini A052 hushika kwa hasira na kuondoka duniani mapema, na RS4 huvumilia kwa muda mrefu bila kelele. Namba moja, tabia mbali kabisa. Ukinunua kwa kutazama namba hiyo tu, umenunua upofu.

Mwenye MX-5 anaweza kununua lile lenye hasira akafurahi nalo. Tairi laini kwenye gari jepesi huchukua muda kupata moto, likishapata hukaa vizuri. Tairi hilohilo kwenye Challenger hupata moto kabla sijamaliza kurekebisha kioo. Mzunguko wa kwanza unajiona bingwa. Baada ya hapo mpira wa mbele unazidiwa, mshiko unashuka, unageuza usukani na gari linaendelea kwenda lilikokuwa linakwenda, na bega la nje linasagika hadi linatoa vipande. Na huku uwanja hatuuchezei majira ya joto. Msimu wetu ni Oktoba mpaka Aprili, tena mara nyingi usiku. Hata hivyo lami bado ina joto la kutosha kwa mtu mwenye tani mbili.

Hilo bega la nje lina kesi yake peke yake. Kiwandani magurudumu hunyooshwa ili yatembee vizuri barabarani, yakiwa karibu wima. Kwenye kona kali gari zito linalalia upande, na tairi linasimama kwa ukingo wa nje, huku sehemu ya ndani, ambayo nimeilipia, haifanyi lolote. Dawa ni fundi wa alaimenti kuyainamisha ya mbele juu yaingie ndani kidogo. Ukifanya hivyo, uwanjani tairi litatumika lote. Barabarani litaliwa upande wa ndani. Yaani unachagua tu ni upande gani utaibiwa.

Na usisahau askari. Hapa Falme za Kiarabu ukikutwa na tairi lililokwisha, faini ni dirham 500, pointi 4 nyeusi kwenye leseni, na gari linazuiwa wiki nzima. Semi-sliki jipya lina mfereji mfupi kuliko tairi la kawaida tangu siku ya kwanza, kwa makusudi, ili mpira usiyumbe kwenye kona. Kwa hiyo kutoka nusu kipara mpaka kipara kamili si safari ndefu. Unaweza kuingia uwanjani ukiwa raia mwema na ukatoka ukiwa mkosaji.

Watu wananiambia, "Nunua seti mbili, moja ya uwanjani na moja ya barabarani." Maneno matamu. Hiyo ya pili niibebe wapi? Buti la Challenger halimezi matairi manne ya inchi 20 na rimu zake. Mwenye MX-5 ana rafiki mwenye pikapu; mimi rafiki yangu ndiye huyo mwenye MX-5. Na nyumbani niyaweke wapi? Tunakaa fleti. Roshani ni ya kuanika nguo, na mke wangu ameshatangaza kwamba siku atakayokuta tairi chini ya kamba yake, tutakwenda mbele ya wazee.

Wengine wananishauri nishuke rimu ya inchi 18, kwa sababu huko ndiko matairi ya uwanjani yamejaa tele na bei inashikika. Ni kweli kabisa. Ila diski za breki za mbele za Hellcat zina kipenyo cha milimita 390, na juu yake imekaa kaliper ya Brembo yenye pistoni sita. Rimu ndogo inagombana na breki, na breki hiyo ndiyo inayonirudisha kwa watoto. Kwa hiyo nimebaki na inchi 20, ambako chaguo ni chache na kila chaguo lina bei ya kukufanya umwombe muuzaji kiti.

Muuzaji naye hana huruma. Kwanza alinitolea matairi ya ofa. Nikapapasa ubavuni kutafuta zile tarakimu nne za tarehe. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira unazeeka hata ukiwa umelala, na kwenye joto la Ghuba unazeeka haraka zaidi. Nikamrudishia ofa yake. Kisha akataka kunijazia naitrojeni kwa malipo ya ziada. Hewa tunayoivuta bure, mimi na yeye na paka wake, ina naitrojeni asilimia 78. Nikamuuliza kama ninalipia tofauti ya asilimia 22. Akasema naitrojeni ni kavu, haina unyevu wa kuvurugavuruga upepo tairi likipata moto. Hilo ni kweli, sikatai. Lakini mimi uwanjani upepo naupunguza na kuuongeza kila baada ya kutoka, sasa nitembee na mtungi?

Huo upepo wenyewe ndio unaotofautisha aliyenunua tairi na aliyetupa fedha. Tairi lililoingia uwanjani likiwa na psi 30 linaweza kutoka na 38, kwa sababu joto linautanua upepo. Likivimba, linasimama kwa katikati tu na kuteleza. Kwa hiyo unaanza na upepo mdogo, unazunguka, unatoka, unapima tairi likiwa bado la moto, unapunguza lililozidi. Kabla ya kurudi nyumbani unaujaza tena mpaka namba iliyobandikwa kwenye fremu ya mlango. Kipimo kizuri cha upepo ni bei ndogo mno ukilinganisha na tairi. Bado kuna watu wana gari la farasi 700 na wanapima upepo kwa kupiga tairi teke.

Barabarani nusu kipara hana adabu. Ukitoka nalo likiwa baridi, linateleza. Linaokota kila kokoto na kuirusha chini ya bodi, na linanguruma kiasi kwamba majirani wanajua ninakuja nikiwa bado barabara kuu. Kuhusu maji, kijana wa Mombasa alinituliza: "Mzee, hapa hainyeshi." Tarehe 16 Aprili 2024 ilinyesha. Kule Khatm Al Shakla, Al Ain, zilipimwa milimita 254 ndani ya muda usiotimia saa 24, mvua kubwa kuliko zote tangu kumbukumbu zianze kuwekwa hapa mwaka 1949. Siku ile chombo cha kufaa kilikuwa mtumbwi, lakini hata manyunyu ya kawaida yanatosha kumfanya mwenye semi-sliki akumbuke dua alizofundishwa chuoni.

Nilichonunua mwisho wa yote ni lile gumu katika kundi la 200: lenye ubavu mkakamavu, namba ya mzigo inayotosha, tarehe mpya. Si la kasi kuliko yote. Kijana wa Mombasa alicheka mpaka akashika ukuta. Tukaingia uwanjani. Kwenye mnyoofu nilimpita. Kwenye kona alinipita. Kisha mimi nikaendelea kuzunguka na matairi yangu yakiwa salama, naye akaenda kukaa kivulini kunieleza ningekuwa na kasi gani kama ningemsikiliza.

Basi wenye magari mazito wenzangu, tusidanganywe na watu wa kilo 1,000. Kabla ya tairi lolote, badilisha pedi za breki na oili ya breki, maana tairi bora halisaidii kitu breki zikichemka. Soma namba ya mzigo kwanza, tarehe pili, jina la kampuni mwisho. Ukiwa uwanjani, zunguka kwa kasi mizunguko michache, mmoja nenda polepole gari lipoe, kisha toka. Na nunua tairi ambalo utaweza kulinunua tena, kwa sababu utalinunua tena. Gari la tani mbili linakula matairi. Hakuna chapa inayolifungisha saumu.